Mume wa Dakika Kumi

Wiki iliyopita nilikwenda kituo cha afya kimoja hapa Songea kupima malaria. Nikiwa kwenye benchi, dada mmoja mjamzito akanivuta shati. "Shikamoo baba. Naomba uwe mume wangu, dakika kumi tu."

Nikaduwaa. Akanionyesha karatasi ukutani: mjamzito asiyekuja na mume hapokelewi. Wa kwake yuko Namtumbo, kwenye mashamba ya tumbaku. Nilikubali saa ngapi, sijui. Nilijikuta tu mbele ya nesi.

"Mkeo anaitwa nani?"

Nikatazama dari. Dada akatazama kandambili zake.

Nesi akaweka kalamu chini, akatoka, akaibandua ile karatasi na kuikunja mara nne. "Mume tunamwalika, siyo tiketi ya kuingilia," akamwambia mhudumu wa mapokezi. "Huyu mama anapimwa leo. Kwa mganga mfawidhi nitajibu mimi."

Nikainuka, sijui niombe radhi au nisubiri kushukuriwa.

"Na wewe baba," nesi akauliza, "mkeo wa kweli ulimsindikiza kliniki lini?"

Nina watoto wanne, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumba cha kliniki ya wajawazito. Niliingia na mke wa mtu.