Kopo Lililotakiwa Kurudi Tupu

Shule nilikaa miaka miwili, wa tatu nikaitwa nyumbani kuchunga mbuzi. Nasema mapema ili mtu asinitafutie maneno makubwa humu. Lakini nimeishi na watu waliosoma mpaka wakachakaa macho, nimewafulia soksi na kuwabebea mizigo, na najua jinsi wanavyotafuta maarifa. Wanatafuta kama kuku: kila mmoja anaparura mahali pake na hainui kichwa kumtazama mwenzake.

Ilikuwa miaka ya hamsini, ile Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni imekaza. Nilikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni pembeni mwa shamba la kahawa huko Ruiru. Chuo kikuu kimoja kiliikodi kwa ajili ya watu wake wa utafiti. Kulikuwa na bwana wa wadudu wa kahawa, alilala na chupa za wadudu chini ya kitanda. Kulikuwa na wa konokono wa mto Chania. Mwingine alikusanya maneno ya Kikuyu, akanikalisha siku nzima nimtajie sehemu za ng'ombe, mpaka ng'ombe akaisha. Mwingine alidunga watu vidole apate damu. Jioni wote walikula meza moja, na wa wadudu hakujua wa konokono ameona nini. Mimi niliyeleta supu ndiye nilijua habari za wote.

Hakuna aliyejua zangu. Mke wangu na mtoto walikuwa wamehamishiwa kijiji cha serikali upande wa vilima, kile cha kuzungukwa na handaki na miti iliyochongwa. Hakutoka mtu bila pasi. Pasi yangu iliishia Ruiru na Thika. Mwaka na zaidi ulipita sijamwona. Chumba changu kilikuwa na vitanda viwili, na kile cha pili nilikiwekea jembe na viatu, ili kisinitazame kikiwa kitupu.

Sasa, kulikuwa na yule wa udongo. Tulimwita Bwana Udongo, na yeye alijua na hakukasirika. Nilimweleza shida yangu, akafikiri, akasema:

"Nitakuandikia barua kwa D.O., afisa wa wilaya anayetoa pasi. Nitasema nakuhitaji, na kwamba mtu mwenye familia yake hufanya kazi vizuri. Lakini kwanza unimalizie makopo yangu."

Makopo yalikuwa kumi na mawili, ya bati, na vifuniko vya kubana. Kumi na moja nijaze udongo: wa kahawa Ruiru, wa mananasi Thika, wa kinamasi, wa mkonge, mpaka ule mkavu wa Gatuanyaga unaopeperuka ukiutazama tu. Kila mahali kina cha mkono mmoja, kabla mvua haijanyesha. La kumi na mbili akanipa kando.

"Hili usitie kitu. Lizunguke na wewe kila mahali, kisha lirudi hivyo hivyo."

Nikasema ndiyo bwana. Nilimsikia vizuri. Ila nilidhani ni adabu yake. Kwetu mtu akikuletea uji kwa kibuyu, atasema usijisumbue, nirudishie chombo tu. Ukimrudishia kitupu, umemwambia kwamba kwako kumekauka na yeye akauke. Unatia chochote, hata viazi viwili. Mama yangu alitia chumvi kwenye kikombe cha jirani tuliyegombana naye. Ndivyo nilivyolelewa.

Siku tisa nilizunguka na baiskeli, makopo yamefungwa nyuma, homgadi, wale askari wenyeji wa serikali, wakinisimamisha kila njia panda. "Umebeba nini?" Udongo. "Wa wapi?" Wa huko. "Unaupeleka wapi?" Kusomwa. Mmoja alicheka mpaka akakalia bunduki yake.

Kazi ilipoisha nikaliangalia lile kopo tupu. Mtu huyu anataka kunirudishia mke, na mimi nimrudishie bati? Nilikuwa na njahi kidogo, yale maharagwe meusi tunayopika mtu akizaa au akioa. Mke wangu alikuwa amezituma kwa mwanamke mmoja aliyepata pasi ya kwenda sokoni. Miezi minne nilikuwa nazo, sikuzipika. Nilitia konzi mbili ndani ya kopo, nikabana kifuniko.

Lilifunguliwa mezani mchana, wote wapo. Njahi zikamwagika juu ya karatasi za Bwana Udongo.

"Nini hiki?"

"Ni asante, bwana. Kwetu chombo hakirudi kitupu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinieleza polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Kopo tupu lilikuwa la kumwonyesha vumbi na unyevu wa njia vimeingia kiasi gani, apunguze kwenye yale mengine. Bila hilo, yale kumi na moja ni uchafu tu wa kumwaga. Na nje mvua ilikuwa imeanza jana yake.

Nilitoka nikaenda jikoni. Mpishi alikuwa Mwislamu mzee, mtu wa utani, wazazi wake walikuja na jeshi zamani wakabaki.

"Nyinyi Wakikuyu," akasema, "siku ya kufa mtawatilia malaika viazi mikononi."

Sikucheka. Akaacha kukata kitunguu.

"Sema ni panya."

"Panya gani huyo, mzee, anafungua kifuniko, anaweka njahi, halafu anafunga?"

"Basi sema ni mimi. Mimi nimezeeka, watanifanya nini? Watakula wapi?"

Nilimshukuru nikakataa. Sikuwa na kitu kingi duniani, lakini kosa langu lilikuwa langu.

Kabla sijamaliza kusema, akaingia mbio memsahib mmoja, bibi wa Kizungu wa pale mezani, daftari mkononi. Yeye alichunguza desturi. Alikuwa amekaa miezi mitatu akiuliza watu mambo ya kuoa na kuzika, na watu wanamdanganya. Siku hiyo uso wake uling'aa.

"Rudia," akasema. "Mtu akirudisha chombo kitupu, inakuwaje?"

Nikamweleza. Viazi, chumvi ya mama, yote. Aliandika kurasa sita bila kukaa. Akanisimamisha mlangoni na kibuyu cha mpishi, akanipiga picha nikikitoa, kisha nikikirudisha. Alisema hajapata kitu kizuri namna hiyo tangu afike.

Nikaona hapa ndipo.

"Memsahib, kama ni kizuri, niandikie ile barua kwa D.O. Mke wangu aje."

Kalamu ikasimama. "Hiyo ni juu ya Bwana Udongo, wewe ni mtu wake. Mimi ni mambo ya desturi tu."

"Yeye sasa hawezi kuandika."

"Pole sana," akasema. Alisema kwa moyo, sikatai. Kisha akaniuliza kama kibuyu cha mwanamke hurudishwa na mwanamume.

Bwana Udongo hakunifukuza. Alisema msimu ujao tutajaribu tena, na barua pia. Msimu ujao akaja mwingine, wa mambo ya ndege, hakujua ahadi yoyote. Nilikwenda mwenyewe kwa D.O. bila karatasi. Karani aliniuliza barua iko wapi, nikamwambia iko kwenye kopo. Alinifukuza kama mlevi.

Mke wangu alikuja miaka miwili baadaye, wakati pasi zilipolegezwa kwa watu wote. Mtoto alinisalimia kama anavyosalimiwa mgeni. Nilitoa jembe na viatu juu ya kitanda, nikawasha moto. Asubuhi yake maji yakaisha, na mto ulikuwa pale chini, unausikia ukiwa ndani. Mke wangu akachukua debe. Akafika mlangoni akasimama, wala hakuniangalia.

"Ni nani hapa wa kuruhusu mtu atoke?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mtu. Akaitika, lakini hakutoka. Aliendelea kusimama na lile debe, akingoja.