Mawifi na Chupa za Mnanaa

Nesi aliyeongoza wodi ya wagonjwa wa saratani aliitwa Sista Chuma, na jina hilo alilijua na hakulikataa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukwaruza. Akitokea mlangoni, hata ndugu waliokuja kutazama wagonjwa walikaa vizuri kwenye viti vyao. Dawa zilitoka kwa wakati, shuka zilibadilishwa bila mtu kukumbushwa, na mgeni aliyeingia na matope alirudishwa nje akasugue viatu, awe nani awe vipi.

Mtu mmoja tu hakumwogopa, naye alikuwa wifi yake.

Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa na chumba cha kukandia watu nyuma ya saluni. Rafu zake zilijaa chupa ndogo nyeusi za mafuta ya kunukia: mnanaa, mdalasini, karafuu, mchaichai, mkaratusi. Mikono yake ilikuwa laini na yenye nguvu, na mdomo wake haukuwa na breki. Siku ya harusi alisema, akihakikisha bibi harusi anasikia, kwamba mdogo wake hakuoa mke, ameoa gwanda. Hilo labda lingesameheka. Lakini mtoto wa kwanza wa nesi alipoanza kuota meno, wifi alimpaka mafuta ya karafuu matupu, hayakuchanganywa na kitu. Fizi zikababuka, mtoto akakataa kunyonya. Tangu hapo wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Kwenye shughuli za ukoo mmoja alikaa jikoni, mwingine barazani, na mume wa nesi akawa anapita katikati yao kama mtu anayevuka barabara yenye malori.

Kisha mama mkwe akaugua, na akaletwa kwenye wodi ileile.

Mama alikuwa mtu wa maneno machache na yote makali. Dripu za dawa zilimfanya atapike mpaka kinachotoka ni maji ya njano. Nesi alimpa vidonge vya kuzuia kutapika, vikasaidia kiasi, kisha kichefuchefu kikarudi. Mama akageukia ukuta.

"Hospitali yenu imeshindwa na tumbo," alisema.

Alasiri moja nesi alikuwa kwenye kikao cha wakuu wa wodi. Aliporudi, harufu ilimpokea kwenye korido kabla hajafika mlangoni. Wifi alikuwa amekaa kitandani kwa mama, mikono inang'aa, chupa tatu wazi juu ya kabati. Alikuwa amemkanda mama tumbo kwa mnanaa na mdalasini. Ngozi ya mama ilikuwa imevimba mabaka mekundu, kama iliyoguswa na pasi. Upande wa pili wa pazia, mwalimu mstaafu mwenye pumu alikuwa ameshika reli za kitanda kwa mikono miwili, mdomo wazi, kifua kinapiga filimbi.

Nesi hakupiga kelele. Alifungua madirisha, akamwekea mwalimu dawa ya kuvuta, akasimama naye mpaka pumzi ikarudi. Alipaka tumbo la mama mafuta ya alizeti, akayafuta kwa pamba taratibu mpaka mdalasini ukatoka, ndipo akaosha kwa sabuni. Halafu akamwita mlinzi.

"Mtoe huyu."

"Mimi ni mtoto wake wa kumzaa," wifi alisema. "Wewe ni mkwe tu."

"Na yule mwalimu ni nani yako, hata umnyonge?"

Mlinzi alimshika wifi mkono. Njia nzima wifi alimwambia kila aliyekutana naye kwamba mkamwana anamzuia mama asipone. Jioni simu ya mume wa nesi haikupoa. Shangazi, baba mdogo, binamu, wote walitaka kujua ni mke gani anayeiitia walinzi familia ya mumewe. Mume aliuliza, kwa sauti ya chini, kama mlinzi alikuwa lazima.

"Ungekuwa wewe unakosa pumzi, ungejua," nesi alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kilichomkera zaidi alikisikia kesho yake, na alikisikia kwa mama mwenyewe.

"Tumbo liliwaka, ni kweli," mama alisema. "Lakini nilipovuta ile harufu ya mnanaa, kichefuchefu kilikatika. Nilipumzika kidogo. Niletee tena."

"Haiwezekani, mama."

"Haiwezekani kwa sababu ni mbaya, au kwa sababu kaileta yeye?"

Nesi alikunja shuka iliyokuwa imeshakunjwa.

Alimpelekea daktari wa wodi swali hilo akitarajia kuungwa mkono. Daktari alicheka kwa uchovu. Ndugu wengi wanaleta chupa hizo, alisema, wanazificha chini ya mito. Mfamasia wa hospitali alikuwa anaanza kufundisha jinsi ya kuyatumia mafuta hayo bila kumdhuru mgonjwa. "Nenda," daktari alisema. "Na yule wifi yako aje, maana atarudi tu, kwa mlango au kwa dirisha."

Darasa lilikuwa chumba cha mikutano chenye viti vya plastiki. Manesi walikaa upande mmoja, wakandaji na ndugu wa wagonjwa upande mwingine, na katikati pakabaki nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuijaza. Mfamasia alikuwa mfupi, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Nani hapa anaamini kitu cha asili hakidhuru?" aliuliza.

Wakandaji wachache walinyoosha mikono. Wifi alinyoosha wa kwanza.

"Upupu nao ni wa asili," mfamasia alisema. "Jipakeni."

Manesi wakacheka. Sista Chuma alicheka kwa sauti kuliko wote, mpaka mfamasia akamgeukia.

"Na nani anaamini haya yote ni upuuzi? Wewe, naona. Basi utakuwa na wagonjwa wanaopakwa kwa siri, na hutajua walichopakwa mpaka waanze kuvimba."

Wifi aliangalia dari, akitabasamu.

Mfamasia aliwafundisha kwa ukali uleule. Mafuta haya ni makali kuliko jani yalikotoka. Hayapakwi matupu: kwa mgonjwa dhaifu, matone sita kwenye vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti au ya nazi. Mdalasini usiguse ngozi ya mgonjwa kabisa. Mnanaa na mkaratusi visisogee karibu na uso wa mtoto mdogo. Hayanywewi. Mwenye pumu, kifafa au mimba, muulize daktari kwanza. Jaribu kidogo mkononi na usubiri hadi kesho. Na kabla ya kufungua chupa, muombe ruhusa mgonjwa, kisha jirani yake, kwa sababu harufu haijui pazia.

Walipofika kwenye kuchanganya, nesi alishika chupa kama anavyoshika kila kitu, kwa haraka na bila kusita. Aliinamisha, akaacha itone.

"Saba," wifi alihesabu nyuma yake. "Nane. Tisa. Wifi, hayo ni maji ya kunawa?"

Mfamasia alichungulia bakuli, akasema mwaga, anza upya. Akaanza upya. Alipotaka kuruka hatua ya kujaribu mkononi, akisema ngozi za wagonjwa anazijua, mfamasia alimkatiza.

"Ngozi iliyo kwenye dawa za saratani huijui. Hata mimi siijui. Ndiyo maana tunajaribu."

Wifi naye hakutoka salama. Alipoulizwa kwa nini alimkanda mama yake kwa mdalasini, alisema kwa sauti ndogo kwamba alisikia unayeyusha uvimbe. Mfamasia aliifunga chupa ya mdalasini.

"Hakuna chupa inayoyeyusha uvimbe," alisema. "Ukimwambia mgonjwa hivyo, unampaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mabaka ya mama yalipopona, nesi alikwenda kumwomba mwalimu ruhusa. Hakuzoea kuomba. Mwalimu alishusha gazeti.

"Nilikaribia kufa mara moja kwa mafuta ya ukoo wenu," alisema. "Inatosha."

Basi wakampeleka mama kwenye chumba kidogo mwisho wa korido, madirisha wazi. Wifi alisukuma kiti cha magurudumu, nesi alibeba dripu, na njia nzima waligombana nani anakwenda haraka mno. Humo ndani waligombania pia kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda.

"Nyamazeni," mama alisema. "Kama ni kelele, ningebaki nyumbani."

Nesi aliweka tone moja la mnanaa kwenye gozi, akaishika mbali kidogo na pua. Mama alivuta polepole. Wakasubiri, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Baada ya muda mama aliomba supu, akanywa vijiko vichache, na havikurudi.

Wifi alianza kufurahi kwa sauti. Nesi alimkatiza.

"Mwambie na lile lingine. Wewe ndiye uliyemwahidi."

"Si sasa."

"Sasa. La sivyo nitamwambia mimi, na unajua nitakavyomwambia."

Wifi alimtazama kwa chuki ambayo hakujaribu kuificha. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, haya mafuta hayatibu. Yanatuliza kichefuchefu tu. Nilikuambia uvimbe utaisha. Nilikosea."

"Nilijua," mama alisema. "Ulidhani mimi mtoto? Nilikuacha ukande kwa sababu mikono yako ilikuwa inatetemeka."

Wifi alitoka kwenye korido, akalia akiwa ameegemea ukuta. Nesi alimfuata. Hakumbembeleza wala hakumgusa. Alisimama kati yake na watu wanaopita mpaka alipomaliza, akampa gozi safi ya kufutia uso, akarudi kazini.

Baada ya hapo wifi aliruhusiwa kuja mchana, na nesi alisimama nyuma yake kama askari, akihesabu matone kwa sauti. Mama alikula zaidi, alitapika kidogo, alilala kidogo, akarudishwa nyumbani. Alifariki miezi kadhaa baadaye kitandani kwake, mawifi wote wawili wakiwa chumbani, mmoja kila upande, hawasemeshani. Msibani shangazi alijaribu kuwapatanisha mbele ya watu. Wote wawili walimwambia akae.

Hadi leo hawatembeleani. Watoto wa nesi wanapeleka salamu na kurudisha salamu, na salamu zenyewe ni fupi. Ila simu huwa inalia, mara nyingi nesi akiwa katikati ya kazi.

"Nina mteja hapa, anasema mgongo unamuuma," wifi anasema, bila hodi. "Ana mimba."

"Ya miezi mingapi?"

"Miwili."

"Umeshampaka kitu?"

"Ningempaka ningekupigia?"

"Usimpake. Mwambie aje kliniki."

"Nilijua. Nilitaka kusikia kwako tu," wifi anasema, na kukata simu kabla nesi hajaikata yeye.