Kinyonga Wangu na Mgeni Wake

Wifi yangu wa Bungu, dada wa marehemu mume wangu, ana chumba cha uani ambacho aliniambia ni changu siku yoyote nitakayokitaka. Alinipa sharti moja tu.

"Njoo, wifi, tena njoo leo. Ila huyo kinyonga umwache hukohuko Lushoto. Kwangu haingii."

Nilimjibu kwamba siwezi kumwacha peke yake, atakufa kwa upweke. Wifi akacheka, akasema basi tukae hivyo, mimi na mdudu wangu.

Tukakaa hivyo. Wanangu wako mbali na kila mmoja ana shughuli zake. Simu zao huja Jumapili kama matangazo ya kanisani, fupi, na mengi nimeshayasikia. Mimi ni mtu wa Tanga mjini, nililetwa milimani na ndoa, na sasa ndoa haipo, milima ipo. Majirani ni watu wema, ila wakishakolea Kishambaa chao cha haraka mimi hubaki natabasamu tu. Na tangu walipojua nafuga kinyonga, hata wakija kuomba chumvi wanaishia mlangoni.

Nilimkuta kwenye ua wa michongoma, dume mwenye vipembe viwili puani, mguu mmoja umeumia. Nikamfanyia nyumba kwa kabati la zamani la vyakula, lile la wavu, nikatia ndani mche wa mpera uliopandwa kwenye ndoo ili apate pa kupanda na pa kujificha. Kwanza nililiweka jikoni karibu na moto, kwa kuwa baridi ya mwezi wa saba inanitafuna mifupa na nilidhani na yeye inamtafuna. Akawa anatweta, mdomo wazi. Kumbe mwenyeji wa baridi hii ni yeye, mgeni ni mimi. Nikamhamishia barazani, apate jua la asubuhi na ukungu wake wa jioni.

Chakula chake kilinipa kazi, na kazi nilikuwa naitafuta. Asubuhi na mapema, panzi wakiwa wamelowa umande na hawana nguvu za kuruka, niliwaokota kwenye nyasi kama mtu anayechuma mboga. Sikumpa hivyohivyo. Niliwaweka kwanza ndani ya ndoo yenye majani ya mchicha na vipande vya karoti washibe, maana kilichomo tumboni mwa panzi ndicho kinachomfikia kinyonga. Mwalimu mwenzangu mstaafu, aliyekuwa akifundisha baiolojia, alinieleza kwa simu kwamba kinyonga wa kufugwa hulegea mifupa asipopata madini yake. Basi nikawa nakausha maganda ya mayai, nayatwanga, nayachekecha kwa chujio la chai, halafu natia panzi na unga kidogo kwenye kopo na kutikisa. Walitoka weupe kama vijana wa mashine ya kusaga. Maji hakuyajua bakulini. Nilimnyunyizia majani ya mpera, naye akalamba matone taratibu.

Alinona. Mguu ukapona. Mimi nikaanza kumwonea huruma.

Kila nilipokaa barazani na sahani yangu ya ugali na maharage, nikimtazama naye akimalizia panzi wake kwenye tawi, niliona wazee wawili wanaokula kila mtu peke yake. Kwetu kula peke yako ni adhabu. Mtu akifiwa, watu wanakuja kulala kwake. Mgonjwa hospitali haachwi bila mtu wa kumkalia kitandani. Hata kuku ukinunua mmoja, watu wanakuuliza mwenzake yuko wapi. Nikaona ninamtesa kiumbe wa watu.

Siku moja jirani akaniita kwa sauti kutoka shambani kwake.

"Mama, njoo umtoe huyu mwenzio kwenye maharage yangu kabla sijampiga jembe."

Nilikwenda mbio. Alikuwa dume mwingine, mkubwa kidogo, pembe zake zimesimama vizuri. Nilirudi naye kwenye kijiti, nimefurahi kama mtu anayeleta bibi harusi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikasema, nikafungua kabati.

Yule wangu alivimba palepale. Akajibana mbavu akawa mpana kama jani, akayumba, rangi zikamtoka ambazo sijawahi kuziona, manjano na madoa meusi. Mimi nikapiga makofi. Nilidhani amevaa nguo za sikukuu.

Kesho yake alikuwa mweusi, amejikunja chini kabisa kwenye udongo wa ndoo. Panzi akampita puani asitoe ulimi. Siku zilizofuata akawa anafumba macho mchana, na kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa, hilo nililijua. Nikamwongezea unga wa maganda. Nikamtafutia nzi kwenye maganda ya ndizi, nikamshikia panzi mdomoni, akageuza uso. Yule mgeni alikula vyote. Usiombe kumwona mwenzio wa pekee anakonda mbele yako na wewe ndiye unayempikia. Nilimwogopea, nikalia, na sikuwa na wa kumwambia, maana nani angekuja kumpa pole mtu kwa ajili ya kinyonga?

Jioni moja upepo ulikuwa mkali. Nikatundika khanga ndani ya kabati, katikati, ili mgonjwa wangu asipigwe na baridi. Mgeni akabaki upande wa pili. Nikarudi na chai yangu, nikaona jicho moja limefunguka. Likazunguka huku, likazunguka kule, halikumwona mgeni. Kisha akapanda tawi, hatua kwa hatua, akamnasa panzi aliyekuwa ananing'inia kwenye wavu.

Nikaondoa khanga, akawa mweusi. Nikairudisha, akarudi kijani.

Asubuhi nilimpeleka mgeni bondeni, mbali na majembe. Wangu akala, akanona tena, akapendeza. Ningefurahi. Lakini nilikaa barazani na sahani yangu nikijisikia mjinga, maana nilikuwa nimeelewa. Hakuwa mpweke hata siku moja. Hakunihitaji nimkalie. Mkono wangu kwake ulikuwa tawi lenye joto. Aliyekuwa anakufa kwa upweke kwenye baraza hii alikuwa mimi, na nilikuwa nimemsingizia yeye ili nisimwambie wifi kwamba naogopa kufunga nyumba ya mume wangu na kuondoka.

Nilimrudisha kwenye michongoma, palepale nilipomkuta. Akaenda kwa mwendo wake, bila haraka. Jicho moja lilitazama mbele. La pili lilikuwa limegeukia nyuma, ila kwa kinyonga hilo si kwaheri, ndivyo macho yake yalivyo.

Nikaingia ndani, nikampigia wifi. Nilimwuliza kama kile chumba bado kipo.



"Kipo," akasema. "Nimeweka vifaranga humo, nilidhani huji tena. Nawatoa leo."