Mbinya na ubao wa matokeo sokoni Kitui

Saa moja asubuhi, Mbinya Kiema anabandika karatasi kubwa kwenye ubao wa kibanda chake sokoni Kitui. Imefika na basi la Nairobi, ina muhuri wa ofisi ya bahati nasibu, na kabla gundi haijakauka watu wamekwisha kuuzunguka ubao, tikiti mikononi.

"Polepole," anawaambia. "Nambari hazikimbii."

Anasoma kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba kwa ajili ya wasiojua kusoma. Mzee mmoja anamwomba arudie tarakimu ya mwisho. Anarudia. Mzee anaikunja tikiti yake taratibu, anacheka peke yake, kisha anaenda zake kununua tumbaku.

Mbinya ameuza tikiti tangu 1979, mwaka ambao shamba lilimtupa na mumewe, Nzioka, akaenda Mombasa kutafuta kibarua. "Mwezi mzuri napata shilingi mia nne," asema. "Karo inalipika. Sukari tunaangalia."

Ubao ulikuwa wazo lake. Hapo awali watu waliishi kwa uvumi: huyu kasikia nambari kwenye baa, yule kaambiwa na dereva, na tikiti ya ushindi ingeweza kutumika kuwashia jiko. Sasa, chini ya matokeo, ameandika kwa chaki yale anayoulizwa kila siku: mwisho wa kudai zawadi, tikiti ipelekwe wapi na, kwa herufi kubwa, kwamba mshindi halipishwi chochote.

Maneno hayo ya mwisho aliyaongeza mwaka juzi, baada ya kisa cha Jonah Kisilu.

Jonah ni mkulima wa Kwa Vonza. Bwana mmoja mwenye tai alifika kwake akamwambia tikiti yake imeshinda, ila lazima alipe ada ndipo zawadi itoke. Siku ya mnada Jonah akamleta Kitui maksai wake wa kulimia ili amuuze. Akapitia kwa Mbinya kumshukuru kwa kumuuzia tikiti.

Mbinya akaitazama tikiti, akautazama ubao.

"Baba Ndila, nambari hii haimo."

"Umekosea, mwaitu," Jonah akamjibu, akitumia neno la Kikamba la kumheshimu mama. "Yule bwana ametoka Nairobi."

"Na karatasi hii imetoka wapi?"

Jonah akakasirika. Akamwambia ana wivu, akavuta kamba akaondoka.

Mbinya akafunga kibanda, siku yenyewe ya soko, akamfuata. Alimkuta akipatana bei na Abdow, mfanyabiashara wa mifugo. Akaishika kamba ya maksai.

"Niliona haya, watu wote wakinitazama," akumbuka. "Lakini mvua ilikuwa imekaribia, na yule maksai ndiye aliyekuwa jembe la nyumba nzima."

Alimwomba Jonah jambo moja tu: amwambie yule bwana aje aipokee ada mbele ya ubao. Abdow akaunga mkono. "Nenda, mzee," akasema. "Mimi ng'ombe nitanunua hata wiki ijayo."

Jonah akaenda mkahawani alikokuwa akisubiriwa. Yule bwana akamwambia atangulie, yeye anamalizia chai. Hakufika. Soko likavunjika Jonah akiwa bado amesimama kibandani na mnyama wake.

"Nililia," Jonah alituambia shambani kwake, huku maksai akila majani kando. "Nilikuwa nimeshawaahidi watoto nyumba ya mabati. Mbinya alininunulia chai. Hakunikumbusha hata neno moja nililomtukana."

Kanisani kwa Mbinya wapo wasioipenda kazi yake, naye hawagombezi. Anayenunua tikiti kupita kiasi humrudishia pesa na kumwelekeza kwenye duka la unga. "Mimi siwaambii watu wacheze," asema. "Aliyecheza namwambia ukweli wa alichocheza."

Sasa anataka ubao mwingine katika mji wa Wote, anakoishi dadake Kalondu. Lakini wa Kwa Vonza utatangulia, kabla ya mavuno. Mbao zimekwisha kupigwa randa, na Jonah ndiye atakayesoma matokeo.

"Watu wa kwao watamwamini," asema Mbinya. "Wanajua aliponea wapi."