Mshenga Niliyemtuma kwenye Nyumba ya Maji Moto

Kwa miaka kumi niliwatandikia watu magodoro katika nyumba ya wageni ya Kijapani iliyoko kando ya bahari, mashariki ya Stockholm. Mara moja tu, mwezi wa pili mwaka 2010, nililala huko kama mgeni, mimi na mke wangu Dorothée. Watu wa Husby, mtaa tunaokaa, wamelisimulia jambo hilo kila mtu kwa namna yake, na wengi kwa kucheka. Mimi naliandika jinsi lilivyokuwa.

Naitwa Norbert, mtu wa Baraka, Kongo. Nilisoma miaka sita ya shule ya msingi, basi. Kiswidi changu kinatosha kwa kazi na dukani. Nikisimama mbele za watu ulimi unakauka. Hata kanisani sijawahi kutoa ushuhuda.

Nyumba ile inafuata desturi za Japani. Viatu vinaachwa mlangoni, wageni wanavaa joho la pamba, wanalala chini kwenye mikeka, na yako mabwawa ya maji moto yanayotazama bahari. Maji yenyewe hayatoki ardhini yakiwa moto kama kwao Japani; yanapashwa kwa mashine. Lakini sheria haibadiliki: hakuna anayeingia bwawani kabla hajaketi uchi kwenye kigoda kidogo, akajisugua kwa sabuni, akajimwagia maji kwa ndoo ya mbao mpaka atakate. Waswidi wengi walikuwa hawalijui hilo, kwa hiyo kila siku saa kumi alasiri walifundishwa. Mwalimu alikuwa Mama Sachiko, mzee wa Kijapani, na mimi ndiye niliyempangia vigoda na ndoo. Nilimsikiliza miaka tisa.

Mwaka 2009, majani yalipoanza kudondoka, Mama Sachiko alisema anarudi kwao kwa dada yake. Akaniambia, "Norbert, mwenye kujua kazi hii ni wewe."

Maneno hayo niliyashika sana kwa sababu ya mgongo. Daktari mmoja wa hospitali ya Flemingsberg alikuwa amenionyesha picha ya mifupa yangu na kunikataza kunyanyua vitu. Na kazi yangu ilikuwa kunyanyua magodoro arobaini kila asubuhi. Nikipata nafasi ya mwalimu, nabaki kazini. Nikiikosa, sijui.

Bosi wetu, Gunilla, alinisimamisha kwenye korido. "Mama Sachiko amekutaja. Unaitaka kazi yake?"

Niliangalia chini. Nikasema, "Kama mtaona inafaa."

Kwetu hilo ni jibu zuri. Kitu kikubwa hukirukii kama mbwa anavyorukia mfupa. Unajibu kwa adabu, halafu unatafuta mtu mwenye ulimi akakusemee. Huko ndiko nilikokosea, na kosa ni langu.

Nilimtuma Jonathan. Ni mtu wa Bukavu, mji wa ziwa Kivu, amesoma, Kiswidi chake kama redio. Mimi ndiye niliyemwingiza pale, akaosha vyombo jikoni. Aliniita yaya, kama tunavyomwita kaka mkubwa, na wanawe walikula kwangu kila Jumamosi.

Alikuja nyumbani, Dorothée akampikia bugali na sombe ya majani ya muhogo. Nikamweleza.

"Kwa nini usiende mwenyewe?" Dorothée aliuliza. "Mdomo wako umeuza?"

"Mama Asifiwe, mtu hajiposei mwenyewe."

"Unaoa bafu?"

Jonathan alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Shemeji, mwache. Yaya, nitakuposea bafu na bahari yake. Lakini nifundishe kwanza, Gunilla akiniuliza unajua nini, nisibabaike."

Basi nikamfundisha palepale sebuleni. Nilimketisha kwenye kiti kidogo cha binti yetu Asifiwe, nikampa sufuria iwe ndoo. Mbele ya mtu mmoja siogopi. Nilimwambia yote: jinsi ya kuanza na miguu, jinsi ya kumwaga maji polepole yasimrukie jirani, jinsi ya kukunja kitaulo na kukiweka kichwani. Nikamwambia pia habari za bibi yangu, aliyekuwa akitusugua visigino kwa jiwe ziwani Tanganyika, na asiyekuruhusu kugusa mkeka wake kabla hajakunusa nyuma ya sikio. Nilikuwa nimeipanga hadithi hiyo moyoni, kwa siku nitakaposimama mbele ya wageni. Asifiwe alicheka, akasema kwa Kiswidi kwamba baba afundishe kwenye televisheni.

Jonathan alikwenda kwa Gunilla. Akanipigia simu: "Wamesikia, yaya. Wanafikiria. Wewe subiri."

Nilisubiri. Mwezi wa kwanza mgongo ulinilaza wiki tatu nyumbani. Nikiwa kitandani Mama Sachiko aliondoka, kisha barua ikafika: kwa kuwa nimetimiza miaka kumi, nyumba inanipa zawadi ya kulala pamoja na mke wangu. Dorothée alipiga kigelegele. "Hawawezi kukupa hivi bure. Umekubaliwa!" Na mimi niliamini hivyo. Nilikwenda kunyoa nywele.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, kisha basi. Bahari ilikuwa barafu tupu. Wenzangu walitupokea kwa kuinama, wakatupa majoho na chai ya kijani. Dorothée aliketi kwenye mkeka karibu na dirisha, akasema, "Baba Asifiwe, mbona hukuniambia ni pazuri hivi?" Sikuwa nimewahi kupaona nikiwa nimekaa.

Saa kumi tukaenda kwenye somo. Tulikuwa kama watu ishirini, tumepiga magoti. Nilidhani Gunilla atafundisha siku hiyo, kisha aseme jambo lake. Mlango ukasukumwa pembeni, akaingia Jonathan, amevaa joho la buluu la mwalimu.

Hakuniona mara moja. Akaanza. Alianza na miguu. Akamwaga maji polepole yasimrukie jirani. Akakunja kitaulo. Kisha akasema, "Bibi yangu alikuwa akitusugua visigino kwa jiwe, kando ya ziwa Tanganyika..."

Wageni walicheka pale nilipojua watacheka.

Dorothée alinishika mkono. "Si bibi yako huyo?"

"Nyamaza."

"Huyu wa Bukavu, Tanganyika alifika lini?"

Ndipo Jonathan akatuona. Ulimi ulimkwama kidogo kwenye sikio la bibi, akaendelea.

Baada ya somo wanaume tulikwenda kuoga upande wetu. Niliketi uchi kwenye kigoda, katikati ya Waswidi wanaojisugua kimya. Jonathan alikuwa akipita akigawa ndoo. Aliponifikia alichuchumaa.

"Yaya. Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Ulikuwa mgonjwa. Nikasema upone kwanza."

"Nilikutuma, Jonathan."

"Na nilikwenda! Nikamwambia Norbert anajua kila kitu. Akaniuliza, mbona hakuja mwenyewe? Nikamwambia ana haya. Akaniuliza, ataweza kusimama mbele ya watu ishirini? Ningemdanganya? Akasema, lakini wewe unaongea vizuri, na umekuja." Akashusha sauti. "Yaya, hapa hawajui mambo ya kutumwa. Hapa aliyekuja ndiye anayetaka."

"Ungemwambia unakuja kwa ajili yangu tu."

Mswidi wa kigoda cha pili alijimwagia maji, yakaturukia sisi wote wawili.

"Nina watoto watatu, yaya."

"Nawajua. Wanakula kwangu. Na bibi yangu naye, uliona hana mwenyewe?"

Aliniwekea ndoo, akaenda kwa mtu mwingine. Nilijisugua muda mrefu kuliko sheria inavyotaka, kwa sababu sikutaka kuinuka watu wauone uso wangu.

Nilitaka turudi nyumbani jioni hiyohiyo. Dorothée akakataa. "Miaka kumi umetandika. Nitalala, na samaki wao nitamla." Akamla, akala na wangu.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa Gunilla. Nilimwambia kwa Kiswidi changu kibovu kwamba kazi ile niliitaka tangu siku ya korido, na Jonathan nilimtuma aniombee. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Lakini Norbert, nilikuuliza. Ulisema kama tutaona inafaa. Nilidhani huitaki. Na yeye aliposema umemtuma, nilidhani umemchagua yeye."

Mkataba ulikuwa umesainiwa wa mwaka mzima. Akasema anasikitika, na nilimwona akisikitika. Kilichobaki kilikuwa kazi ya nusu siku, chini kwenye chumba cha kufulia, kukunja majoho. Akauliza kama nataka kufikiria kwanza.

"Hapana," nikasema. "Naitaka. Leo."

Ndiyo kazi niliyo nayo mpaka sasa. Mgongo umepumzika. Husby walipata habari kabla hatujafika nyumbani; Mashauri, Mtanzania wa ghorofa ya chini, alinisalimu kwa kusema, "Baba Asifiwe, tumesikia mshenga ameoa!" Nilicheka naye. Ningefanya nini?

Tukiwa bado njiani kurudi, basi lilifika kituo cha Slussen. Hapo Dorothée akauliza, "Jumapili tutakaa benchi gani?" Kanisani tulikuwa tukikaa benchi moja na akina Jonathan.

"Lilelile," nikasema. "Mwenye aibu ndiye ahame."

Jumapili walikuja, wakakaa palepale, watoto wakiwa katikati. Mdogo wao akanilalia begani kama kawaida, nikamwacha. Mchungaji aliposema tupeane amani, Jonathan aliinuka, akanyoosha mkono juu ya vichwa vya wanawe. Wanawe waliinua macho wakanitazama.

Nilikishika kitabu cha nyimbo kwa mikono yote miwili, nikatafuta ukurasa.