Plau Ilipogoma Ukweni

Kuna aibu ambazo mtu akishaoga zimekwisha, na kuna hii yangu ya Nyahanga, kijijini kwa wakwe zangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu najikuta nimefunika uso kwa viganja, utafikiri kuna mtu ananichungulia. Haya, chekeni. Waliokuwepo siku ile walishanicheka mpaka wakaumwa mbavu, nyinyi mtaniongezea nini?

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo, na ushirika wetu wa pamba ulikuwa umenunua trekta moja ndogo ya kijivu ambayo dereva wake nilikuwa mimi, na kwa udereva huo nilitembea kifua mbele hadi shati likawa linabana. Wakati huohuo nilikuwa namposa Kabula, binti wa Mzee Ndaki. Kwa desturi yetu, kijana anayeposa huenda kulima shamba la wakwe ili wamwone kama ana mgongo wa kazi, na Mzee Ndaki, mtu wa ng'ombe hasa, alikuwa hajanipenda hata kidogo. Alimwambia mshenga wangu, rafiki yangu Shija, "Huyo Maganga wako anashinda amekalia chuma. Chuma kinazaa? Aje alime nimwone. Nikiona uvivu, binti anaolewa Geita kwa mwenye zizi lake." Maneno yale yaliniuma kwa sababu Kabula nilimpenda kweli, tena kupita kiasi, nikaapa kwamba nitalima, lakini nitalima kwa hichohicho chuma anachokidharau. Katibu wa ushirika akaniazima trekta kwa siku moja.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha kisha zikakata, na jua likarudi na hasira. Asubuhi kazi ilikwenda vizuri mno. Plau inazama, naikokota, nikifika mwisho wa shamba navuta kifimbo kidogo pembeni ya kiti, plau inapanda juu yenyewe, nageuza, naishusha tena. (Ile nguvu ya kuinyanyua ni ya mafuta yanayosukumwa kwa pampu ndani ya tumbo la trekta, na mafuta hayo yakipata moto sana yanakuwa mepesi kama maji na nguvu inakwisha. Mwalimu aliyetufundisha alituimbia kila siku: jua likipanda, egesheni kivulini, teremsheni plau chini, bandueni matope kwenye tumbo la mashine lipate hewa. Nilikuwa naitikia ndiyo kabla hajamaliza kusema.)

Adhuhuri Mzee Ndaki akaja na majirani zake kuangalia. Shija akaninong'oneza, "Pumzisha mashine, mwenzangu, inanuka." Na mimi, badala ya kumsikiliza, nikaona hapa ndipo pa kumpata mzee. Nikaacha injini inanguruma palepale juani, nikainyanyua plau hadi mwisho, nikaiacha inaning'inia hewani ili waone chuma kinavyobeba chuma. Wakashangaa. Mmoja akaomba kupanda juu ya plau, nikampandisha na kumshusha, akaja wa pili, wakaja na wengine wanene, na hata Mzee Ndaki mwenyewe akapanda na fimbo yake mkononi, akainuliwa, akatazama ng'ombe wake kwa mbali, akasema, "Hee!" Hiyo "Hee!" ilinilevya kuliko pombe. Nikajua mke nimepata. Matope ya asubuhi yalikuwa yamekauka na kulifunika tumbo lote la trekta, wala sikuyatazama.

Walipokwenda kukaa kivulini ili nimalizie kazi, nikalima mstari mmoja, nikavuta kifimbo kugeuza, na plau ikabaki ardhini. Nikavuta tena. Ikatetemeka kidogo kama ng'ombe mgonjwa anayejaribu kusimama, ikalala. Nikagusa tumbo la mashine, kidole kikaungua. Mzee Ndaki anatazama. Nikamwambia Shija alete maji na tutafute gunia la kulowesha tulifunike lile tumbo lipoe. Maji yalikuwepo, kwenye mtungi wa kunywa. Gunia hakuna. Nikamtazama Shija, akakamata shuka lake kwa mikono miwili. "Usinitazame hivyo. Mimi ndani sina kitu."

Basi nikavua shati, nikalilowesha, nikalitandika. Likakauka muda huohuo. Nikavua na suruali yangu mpya ya kaki (tulikuwa upande wa pili wa trekta, wazee hawatuoni, na nilijiambia ni dakika chache tu), nikabaki na kaptula ya ndani niliyoshonewa kwa mfuko wa unga, maandishi mekundu ya kiwanda bado yanasomeka nyuma. Tukamwaga maji yote yaliyobaki. Mvuke ukapanda wingu zima. Nikarukia kitini, nikakanyaga klachi, nikatia gia, nikavuta kifimbo kujaribu.

Sasa nisikilizeni hapa. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani hivihivi. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia porini, anageuza uso mpaka mama apite. Nimelelewa hivyo, iko ndani ya damu. Na mama yake Kabula, aliyekuwa jikoni akipika chakula cha wageni, aliuona ule mvuke akadhani naungua, mama wa watu akasahau desturi yote, akabeba ndoo, akaja mbio akipiga kelele, "Mayu! Mama wee! Kijana wa watu anakufa!"

Niliposikia sauti yake sikufikiri. Mwili wenyewe uliruka kutoka kitini, nikajitupa nyuma ya kichaka kama nilivyofundishwa tangu utotoni. Klachi ikaachiwa. Trekta ikaondoka.

Haikuondoka kwa mbio. Ilikwenda polepole, kwa heshima zote, na plau yake iko ardhini inalima, moja kwa moja kuelekea matuta ya viazi ya mama mkwe, na nyuma ya matuta ni jiko, na mlangoni mwa jiko amesimama Kabula na mwiko. Mimi kichakani na mfuko wa unga. Nikitoka, mama mkwe ataniona. Nisipotoka, viazi vyake vinakwenda. Tuta la kwanza likapasuliwa, bado nafikiri. Likaja la pili. Mzee Ndaki akasimama akapaza sauti, "Maganga! Shika ng'ombe wako!"

Nikatoka. Nilikimbia mbele ya mama mkwe, mbele ya baba mkwe, mbele ya majirani wote, maandishi nyuma, nikapanda, na kwa uchizi badala ya kukanyaga klachi nikavuta kwanza kile kifimbo, nikidhani plau itanisikia. Wapi! Tukakata tuta jingine. Nilipoikumbuka klachi, pua ya trekta ilikuwa imegusa ukuta wa jiko, na mimi na Kabula tunatazamana. Alinipa kanga yake ya begani.

Nilijua nimeshamkosa. Nililia, sifichi, nikiwa nimekalia kile kiti cha moto. Mzee Ndaki akaja, akaizunguka trekta, akanikabidhi jembe la mkono. Nikateremka, na ile kanga kiunoni, nikaanza kuyarudisha matuta moja baada ya jingine, jua likiniwakia mgongoni, hadi jioni. Shija alisaidia, kila akinitazama anaangua kicheko. Nilipomaliza, mzee aliyapitia matuta yote akiyagonga kwa fimbo, akamwambia Shija, "Kumbe mgongo anao. Mwambie chuma akirudishe, yeye arudi."

Kabula ni mke wangu hadi leo. Na tangu siku ile, jua likipanda, plau yangu iko chini, mashine iko kivulini, matope nimebandua, na hata aje gavana mwenyewe simnyanyui.

Mama mkwe naye hakunikimbia tena. Tukikutana njiani, mimi nikianza kuingia porini kama desturi inavyotaka, ananiita kwa sauti, watu wote wanasikia:

"Rudi njiani, baba. Unaficha nini ambacho sijakiona?"