Neno Lililomsimamisha Baba

Nilitoka shule darasa la saba, na Kiingereza nilichotoka nacho kingeenea kwenye kifuniko cha soda. Lakini kuna neno moja la Kiingereza nalijua kuliko walimu wangu wote. Neno lenyewe ni boi. Najua lilikotoka, najua lilikopita, na najua lilivyovunja posa ya dada yangu, kwa sababu siku hiyo aliyelitamka ni mimi.

Pale mtaani kwetu, Malindi mji wa kale, baba alijulikana kuwa karani mstaafu. Kanzu yake ilinyooshwa pasi hata inzi akitua aliteleza. Mfukoni kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Watu wakimwuliza alikuwa karani wapi, husema, "Kilifi, ng'ambo ya feri, kwa Mzungu mmoja," halafu huuliza bei ya samaki changu imefika wapi. Mimi mwenyewe niliamini. Kitu kimoja tu kilinitatiza: barua zikija, nazisoma mimi, na jibu naandika mimi. Baba husema macho yake yamechoka na kazi ya ofisi. Macho hayo hayo yalimwona mtoto aliyeiba embe kutoka mwisho wa mtaa.

Nilipokuwa darasa la tano, shuleni walichagua hedi boi, kijana mkubwa wa kutupiga fimbo tukichelewa. Nikaja nyumbani nikasema, "Baba, nikifika la saba nataka niwe hedi boi." Baba alikuwa akila. Akaacha kula, akanawa mikono, akatoka nje. Nikadhani hataki nipige wenzangu.

Mwaka uliofuata tulikuwa sokoni, mimi na yeye, amebeba kikapu cha samaki. Gari la watalii likasimama, bibi mmoja wa Kizungu akatoa kichwa dirishani kumwita muuza madafu. "Boi!" Muuza madafu hata hakugeuka. Aliyegeuka ni baba. Alitua kikapu chini, akaweka mikono tumboni mmoja juu ya mwingine, na kichwa akakiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi. Halafu akazinduka.

"Vipi, baba?"

"Nilidhani mtu ameniita."

Nikamwuliza mama. Siku hiyo mama na baba walikuwa wamegombana, kwa hivyo nilipata zaidi ya nilichouliza. Baba aliingia kwa Mzungu yule akiwa mtoto, kusugua masufuria. Akapanda akawa boi wa mezani, glavu nyeupe na mshipi mwekundu. Akamalizia hedi boi, mkubwa wa mpishi, dobi na wa bustani. Mvi zilimtoka akiwa boi. Mtoto wa Mzungu, meno ya mbele hana, humwita boi. Mzungu akiita, atakayechelewa kusimama hukatwa chakula cha mchana. Miaka ishirini na kitu. Mzungu alipouza nyumba akarudi kwao, baba akachukua mke na kalamu mbili akahamia Malindi, mahali asipojulikana.

Mtu mwenye adabu angesikia hayo akanyamaza. Mimi nilisikia nikaanza kufanya mazoezi ya sauti.

Mimi ni mwigizaji tangu udogo. Naweza kuwa konda, naweza kuwa kuku aliyekanyagwa. Sauti ya Mzungu wa zamani si kazi: unaibana pua, unaongea kana kwamba mdomoni umeweka mbegu ya ndimu hutaki kuimeza. Baba akilala mchana kwenye kiti chake cha kamba, naita wenzangu watatu wanne, tunajibanza nyuma ya dirisha, halafu nasema, "Boi!" Baba husimama kabla hajaamka. Macho bado yamefumbwa, mikono iko tumboni. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Nilifanya hivyo mara nyingi, sikwambii uongo, na baba hakunipiga hata mara moja. Kunipiga ingebidi aseme ananipigia nini.

Wenzangu walidhani baba ashtuka tu, kama mzee yeyote. Kwa nini asimame hivyo, nilijua mimi na mama.

Sasa dada. Dada alikuwa ameshafika miaka ishirini na tatu, na majirani wakihesabu umri wake kuliko yeye. Posa mbili zilikuja, zikapotelea njiani. Watu wa mji wa kale hawaozi wala hawaoi kabla ya kuuliza: wewe wa nani, na huyo naye alikuwa wa nani. Baba kwa swali hilo alikuwa na jibu moja tu, karani, na hilo nalo limesimama kwa mguu mmoja. Ya tatu ikaja, ya fundi cherehani kijana, ukoo unaojua majina ya mababu saba, na la nane wakilikosa hulitunga. Dada alikuwa amemwona kijana mwenyewe dukani kwake. Alipeleka nguo ile ile ipunguzwe mara tatu, mpaka haikuweza kuvalika.

Asubuhi ya posa alinishika mkono jikoni. Alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Leo usiwe mchekeshaji," akasema. "Leo tu. Kesho uwe nyani ukitaka."

"Nimesikia."

"Apa."

"Wallahi."

Wakaja baada ya alasiri, wanaume sita. Mkubwa wao alikuwa ami yake kijana, mzee wa ndevu zilizochanwa, sauti laini. Baba alikaa nao kwenye busati, amenyooka kama rula. Mimi nilikuwa na buli la kahawa. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, na ungeweza kuona vidole vya miguu vya dada chini yake, vimetiwa hina, havitulii.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Ami aliuliza, baba akajibu. "Ofisini mlikuwa wengi?" "Wanne, chini yangu." Na kweli walikuwa wanne: mpishi, msaidizi wake, dobi na wa bustani. Mahari yakakubaliwa. Kikabaki kitu kimoja, kusomwa Fatiha, na Fatiha ikishasomwa posa imefungwa, hata mtu akigundua shemeji yake ni jini. Wakangoja tu kahawa ya mwisho iishe.

Ami akanigeukia. "Kijana, nasikia wewe waigiza watu mpaka wenyewe wajitafuta."

"Wanasema tu, mzee."

"Hebu tupe mmoja. Kahawa yenyewe ni moto."

Nikamtazama baba. Alikuwa amefurahi, masikini. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo. Akasema, "Waonyeshe yule konda."

Nikawaonyesha konda. Wakacheka. Nikawaonyesha muuza kashata anayegombana na mbuzi, ami akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Nikawaonyesha Mtaliano aliyekanyaga kaa. Mmoja wao alijilaza kwenye ukuta, "Tosha, yakhe, utaniua." Ndipo nilipopaswa kuketi. Vidole vya dada vilikuwa vimetulia, navyo vinangoja niketi.

Lakini mimi nilikuwa na kimoja ambacho hakijawahi kukosa. Ukiwa na kicheko kama hicho mfukoni na watu wameshalegea, ni kama kuwa na peremende msikitini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba. Nikabana pua.

"Boi!"

Baba akasimama.

Hilo peke yake lingesameheka, wangesema kashtuka. Lakini safari hii alikuwa ndani ya kazi yenyewe, wageni wamekaa, vikombe viko mbele yao. Aliinama akachukua kikombe mkononi mwa ami, taratibu, kwa vidole viwili, bila kugusa kidole chake. "Yes, bwana," akasema. Akaenda hatua tatu kuelekea jikoni, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Pale kwenye pazia ndipo akaona kanzu yake mwenyewe, akazinduka.

Hakuna aliyecheka. Nilingoja. Mchekeshaji huwa anangoja.

"Sheikh," ami akasema kwa ile sauti yake laini, "kikombe changu bado sijamaliza."

Baba akarudi akampa. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililommaliza. Mkono wa karani ungetetemeka.

Ami akanywa, akaweka kikombe chini. "Karani," akasema, kama mtu anayeonja kama kuna sukari. "Haya. Fatiha tutaisoma siku nyingine, inshallah." Wakainuka wote sita, wakatafuta viatu vyao.

Mama alinipiga na kile kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mwiko. Baba hakunigusa. Alikusanya vikombe vyote, akaviosha mwenyewe, akavifuta, akavipanga kifudifudi mstari mmoja. Alivipanga vizuri sana, haki ya Mungu.

Dada alinikuta uani.

"Ulicheka?" akaniuliza.

"Nini?"

"Nauliza, ulipofanya vile, ulicheka?"

"La."

"Basi hata wewe hukupata kitu."

Baada ya juma moja akaja mwanamke na jibu: kijana hana haraka ya kuoa. Miezi mitatu haikwisha, asiye na haraka akaoa kule Mambrui. Na mtaa mzima ukawa unajua karani ni karani wa nini.

Dada hakuniita jina langu tena. Aliniita Boi. Alianza siku ile ile ya jibu: "Boi, ndoo." Nikadhani atachoka. Majirani wakalidaka, watoto wakalidaka, muuza samaki akalidaka. Leo ukiuliza jina langu pale mtaani wataanza kuulizana wenyewe. Mbele ya baba tu ndipo dada hakulitamka.

Mimi nikafanya ujanja. Nikashuka ufukweni kwenye hoteli, kwa wale vijana wa kuwatembeza watalii, na wao walijiita bichi boi, kifua mbele. Mmoja aliliandika kwenye fulana. Nikasema hapa jina langu lina heshima. Baba akasikia. Akanitazama nilivyovaa miwani ya jua ya kuazima.

"Mimi niliitwa," akasema. "Wewe wajiita."

Huko ufukweni nilimtembeza mzee mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, tukitazama samaki kwenye matumbawe. Nikamwambia jina langu, akacheka, akaanza kunisomesha maji yakiwa magotini. Akasema kwao hapo kale boi hakuwa mtoto. Alikuwa mtumishi, mtu wa chini, wa kutukanwa. Baadaye sana ndipo wakaanza kuwaita hivyo watoto wao wenyewe, kwa mapenzi.

"Kwa hivyo kwenu lilipandishwa cheo," nikamwambia, "halafu likaja huku likarudishwa kazi yake ya zamani."

Akacheka sana, akarudia maneno hayo kwa mkewe. Mimi nilimfikiria baba. Yule mtoto asiye na meno alikuwa akimpa jina ambalo mama yake humpa yeye akimfunika shuka alale.

Dada aliolewa mwishowe. Mume ni mjane wa mtaa wa Kisumu Ndogo, muuza makaa, watoto wanne, mkubwa wao anamzidi dada kimo. Hakuna aliyeuliza wewe wa nani. Ijumaa moja alikuja kututembelea, amechoka, mikono imeingia weusi usiotoka kwa sabuni. Aliketi ukumbini akavua viatu. Mimi nilikuwa upande huu wa mlango, baba upande ule, kwenye kiti chake cha kamba. Sijui kama dada alisahau kwamba baba yumo ndani, au hakusahau.

"Boi," akasema. "Maji."

Tukasimama wote wawili. Mikono ya baba ilikuwa tumboni, na yangu, nilipoitazama, sijui ilifikaje, ilikuwa tumboni. Tukatazamana mlangoni. Dada alikuwa akijisugua vidole vya miguu, hakuinua kichwa.

Baba akaketi kwanza.

"Ni wewe," akaniambia. "Nenda."

Nikaenda.